Gamba Lenye Uhai: Jina, Mwili na Ainisho la Kidugamba wa Mibuni katika Nyanda za Juu Kusini

Mkulima wa kahawa wa Rungwe, au wa Mbozi ambayo hadi mwaka 2016 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, anapogeuza jani la mbuni na kuona vijipele vya kijani vimejipanga kando ya mshipa mkuu, ana njia mbili za kuvitaja kwa Kiswahili. Anaweza kusema "magamba haya", au anaweza kusema "vidugamba hawa". Tofauti ya kauli hizo si ya msamiati tu. Ya kwanza inafuata upatanisho wa ngeli ya LI-YA, ambamo mna majani, mawe na makovu; ya pili inafuata upatanisho wa A-WA, wa viumbe wenye uhai. Kabla mtaalamu yeyote hajaitwa, sarufi imekwisha kuamua kama kilichopo juu ya jani ni alama ya ugonjwa au ni mnyama anayekula.

Uamuzi huo una gharama yake shambani. Mibuni husumbuliwa na magonjwa mawili mashuhuri yaletwayo na kuvu, chulebuni na kutu ya majani, na mkulima amezoea kuyakabili kwa kunyunyizia dawa zenye shaba. Sasa majani yake yamepakwa kitu cheusi mithili ya masizi. Ni rahisi kudhani kwamba huu nao ni ugonjwa wa namna ileile. Kweli, masizi hayo ni kuvu, lakini hayali jani. Humea juu ya maji matamu yanayodondoshwa na wadudu walio juu yake, na madhara yake ni kulikinga jani na mwanga. Anayenyunyizia masizi anapigana na kivuli. Lililo baya zaidi ni kwamba wapo kuvu wengine, weupe, ambao huwashambulia vidugamba wenyewe na kuwaua, na dawa ya kuua kuvu haijui kuchagua kati ya adui na rafiki.

Neno *kidugamba* yaelekea limeundwa kwa kuunganisha *kidudu* na *gamba*, silabi moja ikidondoshwa njiani. Kiambishi *ki-* hapa ni cha udogo. Wasemaji wa Kinyakyusa, Kinyiha na Kihehe wana ngeli maalumu ya udogo, ile ya *ka-* katika umoja na *tu-* katika wingi, na kwa kawaida nomino ikiingia humo huvuta viambishi vyote vya sentensi vifuate umbo lake. Kiswahili sanifu hakifanyi hivyo kwa wanyama. Umbo la neno linasema "kitu kidogo", ilhali upatanisho unasema "kiumbe hai": *kidugamba huyu amenasa*, si *kidugamba hiki kimenasa*. Ndivyo ilivyo pia kwa *kidukari* na *kidung'ata*, ambao, kama itakavyoonekana, ni ndugu zake hata katika elimu ya viumbe.

Kiswahili hakikuwa peke yake katika kumwona mdudu huyu kama kitu. Wagiriki wa kale walitumia neno *kokkos*, yaani punje, kwa jamaa yake aishiye juu ya mialoni ya nchi za Mediterania, aliyekusanywa kwa ajili ya rangi nyekundu na kudhaniwa kuwa tunda au mbegu. Kutokana na neno hilo Linnaeus aliipa jenasi jina la *Coccus* mwaka 1758. Wajerumani humwita chawa wa ngao. Waingereza wamechukua neno lao la gamba la samaki. Kila lugha imetaja kifuniko kwanza, na mnyama baadaye, kama alitajwa.

Sababu imo katika mwili wenyewe. Jike aliyekomaa wa jenasi hii ni bapa, umbo lake ni la yai, na urefu wake kwa kawaida haufiki milimita 4. Kichwa, kifua na fumbatio, sehemu tatu ambazo kila mwanafunzi hufundishwa kuzitafuta kwa mdudu, zimeungana hata mipaka yake haionekani kwa macho. Mabawa hana. Papasi ni fupi na miguu sita ipo, ila yote imefichwa chini ya mwili, na akishapata mahali pazuri huitumia kwa nadra sana. Kinachofanya kazi ni mdomo: nyuzi nne nyembamba kuliko unywele, zilizoshikana zikawa sindano yenye mifereji miwili, mmoja wa kushushia mate na mwingine wa kupandishia utomvu. Sindano hiyo yaweza kuwa ndefu kuliko mwenyewe, na isipotumika hukunjwa ndani ya mwili.

Utomvu wa mmea una sukari nyingi na protini kidogo. Ili apate hiyo kidogo, kidugamba hulazimika kunywa kwa wingi na kuitoa sukari iliyozidi. Tundu la kutolea liko mwishoni mwa ufa mdogo nyuma ya mwili, nalo limefunikwa na vibamba viwili vya pembetatu vinavyofunguka na kufunga mithili ya mlango wa mbao mbili. Vibamba hivyo ni alama kuu ya familia ya Coccidae. Sisimizi huja kulamba, na kwa kulinda kisima chao huwafukuza nyigu wadogo na mbawakawa ambao wangewala vidugamba. Ndiyo maana kukata matawi yanayogusa ardhi, ili sisimizi wakose daraja, ni dawa kwa namna yake.

Watoto wanaotoka chini ya tumbo la mama ndio watembeao. Hutafuta jani au kijiti laini, wakachomeka sindano na kutulia. Kwa spishi ya *Coccus viridis* madume ni adimu mno, na majike huzaa bila wao. Katika spishi nyingine ambazo madume huonekana, dume ni kijidudu chenye jozi moja ya mabawa na kisicho na mdomo. Huishi muda mfupi, bila kula.

Kwa ainisho, kidugamba yumo katika oda ya Hemiptera pamoja na vidukari, vidung'ata na inzi weupe, wote wakiwa wanywaji wa utomvu. Watu wa Mbeya na Iringa wanaifahamu familia hiyo pana kwa machungu: kidukari wa saipresi aliingia Malawi mwaka 1986 na Tanzania mwaka 1988, akaikausha miti ya nyanda hizi.

Ugumu wa kweli uko kwenye spishi. Mwaka 1889 E. E. Green alimweleza kidugamba wa kijani kutoka Sri Lanka, na kwa miongo mingi kila kidugamba wa kijani aliyeonekana juu ya mbuni Afrika Mashariki alipewa jina hilohilo, *viridis*. Mwaka 1960 Giovanni De Lotto, aliyefanya kazi nchini Kenya, alionyesha kwamba chini ya jina moja walikuwamo wadudu kadhaa. Yule wa nyanda za juu alimpa jina la *Coccus alpinus*, wa milimani. Mwingine alimwita *Coccus celatus*, aliyefichika. Tofauti hazionekani shambani. Jike hulainishwa katika potasi, akaondolewa mafuta, akatiwa rangi na kulazwa kwenye kioo cha hadubini. Si udakuzi wa wataalamu: mwaka 1982 D. J. Williams alibainisha kwamba huyo aliyefichika alikuwa akiharibu kahawa ya Papua New Guinea, na aliyekosa jina sahihi la mdudu angeweza kuagiza nyigu wasiomgusa.

Kwa upande wa istilahi, *kidugamba* limebeba mzigo mkubwa mno. Wapo wa familia ya Diaspididae ambao gamba lao ni kifuniko hasa, kilichofumwa kwa nta na ngozi walizozivua, kisichoshikana na mwili. Hao hawatoi maji matamu, wala hawaleti masizi. Kwa *Coccus*, gamba ni mgongo wake mwenyewe. Majina *kidugamba ngao* na *kidugamba laini* yangetosha kuwatenga, na *kidugamba wa milimani* yangemfaa *alpinus*. Kipimo hakihitaji hadubini. Sindano ya kushonea ikipitishwa taratibu chini ya gamba, kifuniko kikabanduka na mdudu akabaki jani, huyo ni ngao. Akibanduka mzima mzima, miguu ikichezacheza hewani, ni laini, na sisimizi hawako mbali.