Seva za Mafia zahitaji diski ya akiba kabatini

WAFANYABIASHARA wa Kisiwa cha Mafia wanaoweka hesabu zao kwenye seva, wawe wenye hoteli wa Utende au wa maduka ya jumla ya Kilindoni, wana tatizo ambalo wenzao wa Dar es Salaam hawana. Diski ikifa, soko la kununua nyingine liko ng'ambo ya bahari.

Aliye Kariakoo hutoka asubuhi na kurudi na diski kabla ya chakula cha mchana. Mzigo wa Mafia husubiri ndege ndogo, au huenda kwa barabara hadi Nyamisati na kuvuka kwa chombo. Kusi likivuma, siku huongezeka, na hatari yote imo katika siku hizo.

Seva za ofisi ndogo mara nyingi hupangwa kwa mtindo wa RAID 5. Diski nne za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 12, na nafasi inayobaki huwekwa taarifa za kufufua data ya diski itakayokufa. Moja ikifa kazi inaendelea, wateja wanahudumiwa, na mwenye duka anaona hakuna haraka. Ya pili ikifuata kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa, hesabu zote zimekwenda. Diski zilizonunuliwa siku moja kutoka katoni moja huchakaa pamoja, kwa hiyo jambo hilo si la kubahatisha. RAID 6 huvumilia vifo viwili, kwa gharama ya diski moja zaidi.

Kwa hiyo diski ya akiba inunuliwe pamoja na seva. Iwe na ukubwa sawa na zile za ndani au zaidi, na kiungio kilekile: diski ya SAS haifanyi kazi kwenye seva ya SATA. Mnunuzi aangalie pia muhuri na saa za matumizi, ingawa saa nazo hufutwa. Mwanzoni mwa 2025 wanunuzi wa Ujerumani waligundua diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya, hesabu ya saa imerudishwa sifuri. Bei ya chini mno ina sababu yake.

Siku ya kubadilisha, kazi ya kwanza ni kunakili hesabu muhimu kwenye chombo kingine, kwani RAID si nakala ya akiba. Kisha itafutwe diski iliyokufa kwa namba yake, si kwa kukisia nafasi yake. Kosa linalomaliza biashara ni kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu ndani. Fundi mwangalifu hubandika namba kwenye kila trei siku seva inapofungwa. Kama seva haikuundwa kubadilishwa diski ikiwa inawaka, izimwe kwanza.

Baada ya hapo seva huanza kuijaza diski mpya. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 4 huchukua zaidi ya saa saba; watu wakiendelea kuitumia, hata siku nzima au zaidi. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na ile iliyokuwa dhaifu ndipo huanguka. Kazi hii ianze jioni baada ya kufunga hesabu, seva ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima na jenereta ikiwa na mafuta. Umeme wa Mafia kwa miaka mingi umetoka kwenye mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya Taifa.

Diski mbovu isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwani majina na madeni ya wateja bado yanaweza kusomwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa mwenye duka pia. Kama dhamana haijaisha, irudishwe kwa muuzaji. Kama imeisha, itobolewe kwa drili.