Mzazi, usikimbilie kusaini maisha ya mwanao yawe filamu

Septemba 2014, watu walikuwa wameshaketi ukumbini Addis Ababa, Ethiopia, kushuhudia uzinduzi wa filamu ya Difret. Ghafla wakatangaziwa kuwa mahakama imezuia isionyeshwe.

Aliyelalamika ni Aberash Bekele. Mwaka 1996, akiwa na miaka 14, alitekwa na mwanaume aliyetaka kumuoa kwa nguvu, akabakwa. Akijaribu kutoroka, alimpiga risasi mtekaji huyo na kumuua. Mahakama ilimwachia huru kwa kuwa alikuwa akijitetea. Kisa hicho kilipogeuzwa filamu, alisema hakuombwa ridhaa. Baadaye pande mbili zilielewana, filamu ikaonyeshwa.

Katika filamu, msichana huyo anaitwa Hirut. Lakini kubadili jina hakukumficha, kwani kesi yake ilikuwa inajulikana Ethiopia.

Hapo ndipo penye somo kwa wazazi wa Singida. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani mwanamke mmoja kati ya watano mkoani hapa, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, amekeketwa. Filamu zinazopinga ukatili huu zinahitajika, na ushuhuda wa binti huwagusa watu kuliko takwimu. Lakini kijijini Ikungi au Mkalama, hata jina likifichwa, ukionekana mlango wa nyumba au ikasikika sauti ya mama, majirani wameshajua ni nani. Kesho binti huyo anakwenda shule na wenzake wana video kwenye simu.

Sheria inamlinda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi. Ridhaa hiyo inaweza kuondolewa, na mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tatizo ni kwamba video ikishasambaa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Kabla ya kusaini, uliza:

• Itaonyeshwa wapi, na kwa muda gani?
• Tutaiona kabla haijatoka?
• Binti akibadili mawazo, itaondolewa vipi?
• Kusimulia kukimuumiza upya, nani atamhudumia?

Omba nakala ya mkataba kwa Kiswahili, na umshirikishe afisa ustawi wa jamii. Zaidi ya yote, muulize mwanao mkiwa wawili, mwenye kamera akiwa hayupo. Akikataa, jibu ni hapana, hata kama posho imeshatajwa.