Kila Kitu na Pahali Pake: Gari ya Mashindano na Maisha ya Shofere

Tuanze na meza moja ya chuma. Ni kubwa ya kutosha kubeba gari ndogo nzima. Vijana wanasukuma gari yao kwa mikono mupaka juu ya meza ile. Shofere anakaa ndani, mikanda imefungwa, kaske iko kichwani. Kisha meza inainuliwa upande mmoja, polepole, mupaka digri 45. Motere haiwake, makelele hakuna. Lakini wote wamechuchumaa, macho chini ya gari. Wanatafuta tone. Tone moja tu la esanse, ao la mafuta ya motere, ao la maji, ao la mafuta ya freni, na gari inarudishwa kutengenezwa.

Kama hakuna tone, meza inapanda tena mupaka digri 60. Hapa wanaangalia kama gari itapinduka. Mwenye aliweka vyuma vizito juu, anaona magurudumu ya upande mmoja yanaachana na meza, na hana la kujibu.

Meza hii iko ku mashindano yanayoitwa Formula SAE. Yalianza Marekani mwaka wa 1981, juu ya wanafunzi wa shule kubwa za ufundi. Uingereza ilianzisha yake mwaka wa 1998, jina Formula Student, na Ujerumani mwaka wa 2006. Wanafunzi hawa hawalipwe kitu. Wanachora gari yenyewe, yenye kiti kimoja, wanaunga vyuma vya shasi, wanatafuta motere, mara nyingi ya pikipiki, isiyopita cc 710. Kazi yote inafanyika kisha masomo, mangaribi na usiku. Wengine hawajapata hata leseni kwa muda mrefu. Na kisha miezi hiyo, mmoja wao anaingia ndani, anakanyaga pedale.

Kitabu cha sheria zao kinapita kurasa mia moja. Mutu anaweza kufikiri ni maneno ya kuchokesha vijana. Lakini ukikisoma polepole, utaona kwamba sehemu kubwa inauliza swali moja tu: kitu hiki umekiweka wapi? Motere inaweza kuwa mupya, freni za bei kali, waya za shaba safi kabisa. Kama pahali ni pabaya, siku ya kugonga, kitu kizuri kinageuka adui ya shofere.

Juu ya batri, mimi sikungojea kitabu. Baba mmoja wa mtaa wetu alikuwa na pikapu ya zamani. Batri yake ilifungwa na kipande cha mpira wa gurudumu, sawa vile wengi wanavyofanya. Kijana wa garaji alimwambia, "Papa, batri yako inalala mubaya." Yeye akajibu, "Acha, mutoto wangu, si inatembea?" Na kweli ilitembea, mupaka siku moja ya barabara yenye mashimo. Mpira ulikatika, batri ikalala kwa ubavu, kichwa chake cha kujumlisha kikagusa bati. Watu walizima moto kwa mchanga, na papa alitoka muzima. Waya zote za mbele ziliungua.

Pikapu ile ilikuwa inatembea labda kilometa 30 kwa saa. Sasa tufikiri juu ya gari ya mashindano. Batri ya kawaida inapima karibu kilo 15. Gari ikigonga ukuta, kila kitu ndani kinataka kuendelea mbele, na nguvu ya kukishika inapashwa kuwa mara nyingi kuliko uzito wake. Sheria za FIA, ile shirikisho la kimataifa la mambo ya magari, zinataka vyuma vinavyoshika chupa ya kuzima moto vistahimili mara 25. Chukua hesabu hiyo kwa batri: 15 mara 25 ni 375. Ni kama mifuko saba na nusu ya simenti inayotaka kuruka, na wewe unaishika na kipande cha mpira!

Njo maana, FIA inasema hivi juu ya batri iliyotolewa pahali pake pa kwanza: ilale juu ya kikalio cha chuma, ishikwe na mikanda miwili ya chuma iliyofunikwa na kitu kisichopitisha umeme, na mabuloni ya milimeta 10 ao zaidi. Na chini ya bati, kila buloni liwekewe kipande cha chuma cha unene wa milimeta 3 na upana wa sentimeta za mraba 20, kusudi buloni lisitoboe bati na kupita. Mafundi wengi wanasahau kipande kile cha chini. Wanaona buloni ni nene, wanafurahi. Lakini buloni halikatike. Bati njo linapasuka.

Kuna wengine tena, si wanafunzi, ambao wananunua gari nzee ya kawaida, wanatoa viti na mazulia, wanaweka vyuma vya kulinda kichwa, na siku za kupumzika wanashindana ku klabu. Hao wanapenda kupeleka batri nyuma, juu ya kugawanya uzito vizuri kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ni wazo nzuri, lakini linazaa mtoto: waya nene ambayo inatoka nyuma mupaka ku demareri, mbele. Waya ile mara nyingi haina fizibli, kwa sababu demareri inakula umeme mwingi sana. Inapita katika matundu ya bati. Gari inatetemeka, bati linakwaruza mpira wa waya, leo kidogo, kesho kidogo. Siku shaba inatokea nje, hakuna kitu cha kuisimamisha. Kwa hiyo kila tundu linapashwa kuvikwa mpira, waya ishikwe kila hatua isicheze, na isifungwe pamoja na tiyo ya esanse. Nimeona picha za gari ambazo fundi alifunga vile viwili na kamba moja ya plastiki, vizuri, vimenyooka, macho yanapenda. Ni kazi ya hatari kabisa.

Sasa tuingie ku kile cha kukata umeme, ao kura kama tunavyosema hapa. Kila gari ya mashindano inapashwa kuwa nacho. Shofere akifungwa mikanda yake anapashwa kukifikia, na mutu wa nje vilevile, kwa sababu kisha kugonga shofere anaweza kuwa amezimia. Alama yake ni radi nyekundu ndani ya pembe tatu ya buluu yenye ukingo mweupe, na upande wa chini wa pembe tatu ile usipungue sentimeta 12. Mwenye kukimbia kuja kuokoa hajue gari yako; anatafuta alama tu. Ku gari za wanafunzi, kimoja kinakaa upande wa kuume, kwa urefu wa bega la shofere, na kingine kinakaa mbele yake.

Lakini kuna mtego ambao umeshika mafundi wengi. Mutu anaweka kikata-umeme ku waya ya batri peke yake. Anajaribu wakati motere imezimwa: taa zinakufa, anasema kazi imekwisha. Siku ya mukaguzi, mukaguzi anaomba motere iwake kwanza, kisha anakata. Na motere inaendelea kuimba! Sababu ni alternateri. Motere ikizunguka, alternateri inatengeneza umeme wake yenyewe, inalisha mabuji na pompo ya esanse, haina lazima na batri. Kwa hiyo kikata-umeme cha kweli kinakata njia nyingine vilevile: ile ya kuwasha mabuji, na ile ya alternateri, ambayo umeme wake uliobaki unapitishwa ku resistansi ndogo usije kuharibu vitu. Jaribu lako, kijana, lifanyike motere ikiwa inanguruma.

Esanse sasa. Tanki ya wanafunzi inapashwa kukaa ndani ya vyuma vya shasi, isitokee nje hata kidogo, kusudi mwenye kugonga ubavuni akutane na chuma kwanza. Kati ya tanki na shofere kunasimama ukuta usiopitisha moto, na unapanda kulinda mupaka shingo yake. Matundu ya kupitisha waya mu ukuta ule yanazibwa. Wengine wanajenga ukuta mzuri, kisha wanautoboa matundu sita na kuyaacha wazi. Moto haubishi hodi. Mudomo wa tanki nao unafikiriwa: esanse ikifurika wakati wa kujaza, itamwagika wapi? Ikiwa chini yake kuna bomba la moshi lenye joto, umeweka njiti karibu na kiberiti. Na FIA, kwa gari ambazo tiyo ya esanse inapita ndani pahali shofere anakaa, hairuhusu maungio mule ndani isipokuwa ku ukuta wa mbele na wa nyuma. Tiyo nzima haivuje rahisi. Pahali pa kuungia njo panavuja.

Hata wakubwa wa kazi hii walifundishwa neno hilo kwa ukali. Tarehe 29 ya mwezi wa 11 mwaka wa 2020, huko Bahrain, Romain Grosjean aligonga vyuma vya kando ya njia akiwa na kilometa 192 kwa saa. Gari yake ilikatika vipande viwili, na moto mkubwa ukawaka pale pale. Uchunguzi wa FIA ulionyesha kwamba kifuniko kimoja cha tanki kiliachana, na ungio la kupeleka esanse ku motere liling'oka ku tanki. Grosjean alijitoa mwenyewe chini ya nusu dakika, mikono imeungua, lakini muzima.

Juu ya vitu vinavyozunguka, nitasema machache. Mnyororo wa kupeleka nguvu ku magurudumu ukikatika unaruka kama fimbo. Wanafunzi wanaufunika na chuma kisichotobolewa, unene wa milimeta 2.66, upana mara tatu ya mnyororo. Na tiyo za freni hazipiti karibu nao, wala hazining'inie chini ya shasi pahali jiwe linaweza kuzipasua. Maji ya radiateri ni maji matupu, bila dawa ya kuzuia baridi, kwa sababu dawa ile ikimwagika njia inateleza, na anayekuja nyuma njo anaumia.

Kitu ambacho mimi kinanipendeza zaidi ni kadogo sana. Nyuma ya pedale ya freni wanaweka swichi. Siku zote pedale haiifikie. Lakini freni ikipoteza mafuta, pedale inazama mupaka chini, inagonga swichi ile, na motere na pompo ya esanse vinakufa. Shofere akiwa pahali pake hawezi kuirudisha, hata akitaka kumaliza mashindano. Aliyeiweka pale alijua moyo wa kijana. Pedale ya kuongeza mwendo vilevile: ku motere kunakuwa resori mbili za kuirudisha, kila moja inaweza kazi yake bila mwenzake.

Kuna sasa gari za wanafunzi zinazotembea na umeme peke yake. Hizi zinatuhusu kwa njia nyingine, maana batri nyingi za litiumu zinachukua kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wa inchi yetu. Hapa volti zinaweza kufika 600. Batri zinafungiwa mu sanduku lake, ndani ya vyuma vya shasi, waya za nguvu zinavikwa rangi ya machungwa kusudi hata mgeni ajue asiguse. Ukikata umeme, volti nje ya sanduku zinapashwa kushuka chini ya 60 kwa sekunde 5. Umeme hautoe tone ku meza ya chuma. Huwezi kuuona kwa kuchuchumaa.

Na kisha vyote, shofere anaambiwa akae ndani akiwa amevaa yote: nguo za kuzuia moto, gano, kaske, mikanda yake imekazwa, mikono ku volan. Mukaguzi anashika saa. Anasema, "Toka!" Shofere ana sekunde 5 kusimama kando ya gari. Ni hapa unaona kazi ya usiku ule wote. Volan haiachie upesi. Buloni limepita mno, linashika nguo ku goti. Waya moja ambayo haikufungwa inazunguka kiatu. Wenzake wanasimama kando na funguo mikononi, hawaseme neno, na mmoja amekwisha kupiga magoti kuangalia waya ile ilitoka wapi.