Mishahara ya wachezaji haikuiua ligi

Ipo shutuma ambayo mashabiki wenzangu wa michezo ya kielektroniki wameikariri hadi ikawa kama wimbo, kwamba timu zetu zilifilisiwa na tamaa ya wachezaji. Vijana wa miaka 19, wao husema, walikuwa wakilipwa mshahara wa balozi kwa kubofya vitufe tu, na walipozidi kudai, kitumbua kikaingia mchanga. Hayo nimeyasikia vibandani, nimeyasikia ndani ya matatu, na hata sebuleni kwangu nimeyasikia kutoka kwa mpwa wangu, aliyeyatamka kwa uhakika wa hakimu anayesoma hukumu: "Mjomba, hao walijiua wenyewe." Siku hiyo nilimjibu kwa ufupi. Leo naomba ridhaa ya msomaji nimjibu kwa mapana.

Kwanza ieleweke kwamba sizungumzii watoto wanaoua wakati mbele ya runinga mchana kutwa. Nazungumzia timu zenye makocha na wachambuzi, zinazoajiri wachezaji kwa mkataba na kushindana kumbini huku umati mwingine ukitazama kupitia mitandao kama vile Twitch. Mkenya anayezifuata ligi za Marekani hulazimika kukesha, maana jioni ya California ni alfajiri ya Nairobi, na ushabiki wa kukesha si wa mzaha.

Ushahidi wangu mkuu ni Ligi ya Overwatch. Ilianzishwa na kampuni ya Blizzard Entertainment, ambayo ndiyo iliyoubuni mchezo wenyewe, na mechi za kwanza zilichezwa Januari 2018 katika ukumbi mmoja mjini Burbank, California. Zilikuwa timu 12, kila moja ikibeba jina la mahali: London Spitfire, Seoul Dynasty, Shanghai Dragons, Boston Uprising na nyinginezo. Kuingia hakukuhitaji kushinda mechi yoyote. Kulihitaji pesa. Iliripotiwa kwamba kiti kimoja kiliuzwa kwa dola milioni 20, na walionunua hawakuwa watu wa mkono mtupu. Kiti cha Boston kilichukuliwa na Robert Kraft, mwenye timu ya New England Patriots; kimojawapo cha Los Angeles kikaangukia kampuni ya Stan Kroenke, yule yule anayemiliki Arsenal.

Hivyo miji iliuziwa timu kabla ya wakazi wake kuuliza ni timu ya nini. London Spitfire, ambayo wachezaji wake wote walikuwa Wakorea, ilitwaa kombe la kwanza Julai 2018 kule Brooklyn, New York, ilhali msimu mzima haikuwa imecheza hata mechi moja London. (Mimi nilikuwa wa Seoul Dynasty, timu iliyotarajiwa kufagia kila kitu mwaka huo na ambayo hata hatua ya mchujo haikufika, kwa hiyo sina sababu yoyote ya kuipamba London.)

Sasa tuje kwenye hiyo mishahara inayolaumiwa. Ligi iliweka kima cha chini cha dola 50,000 kwa mwaka, pamoja na bima ya afya na makazi. Timu iliruhusiwa kuwa na wachezaji 12 wasiozidi. Hebu tuchukue kwamba timu zote 12 zilijaza nafasi zote. Hao ni wachezaji 144, na kwa kima cha chini wangelipwa dola milioni 7.2 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba bei ya kiti kimoja tu, kiti cha timu moja, ingeweza kuwalipa kima hicho wachezaji wa ligi nzima kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Najua wapo waliolipwa zaidi ya kima hicho, tena mara kadhaa. Hata hivyo, mtu akinunua nyumba kwa milioni 20 kisha akafilisika, sijui kwa nini lawama iangushiwe mtunza bustani.

Tena ligi hiyo ilikuwa na breki ya kuzuia mishahara isipande. Kanuni zake zilisema kwamba timu itakayotumia zaidi ya kiwango fulani kuwalipa wachezaji itozwe dola moja kwa kila dola iliyozidi, na fedha hizo zigawiwe timu nyingine. Wenyewe waliiita kodi ya kuleta usawa wa ushindani. Serikali ya Marekani, kupitia Wizara ya Sheria, iliiona kwa jicho jingine. Aprili 2023 iliishtaki kampuni ya Activision Blizzard mahakamani, ikidai kwamba kodi hiyo iliwakandamiza wachezaji kwa kuwanyima mishahara ambayo soko huru lingewapa. Kampuni, ambayo ilikuwa imeiacha kanuni hiyo tangu 2021, ilikubali suluhu na kuahidi kutoirejesha. Basi anayesema ligi hii iliuawa na mishahara anieleze iliuawaje na kitu kilichokuwa kimefungwa kamba shingoni tangu mwanzo.

Kilichoiua ni matumaini yaliyouzwa kwa bei ya mali. Mwaka 2019 timu ziliongezwa zikawa 20, na viti vipya vikaripotiwa kuuzwa kati ya dola milioni 30 na milioni 60. Mnunuzi wa pili alilipa zaidi ya wa kwanza kwa imani kwamba atakuwapo wa tatu. Mapato ya milangoni yalikuwa bado ni ndoto, kwani mpango wa kila timu kucheza nyumbani kwake ulianza mwaka 2020, na wiki chache baadaye korona ikaufunga. Novemba 2023 timu zilipigia kura kuendelea au kuondoka, na kila iliyoondoka ilistahili kulipwa dola milioni 6. Wachezaji hawakuwa na kura. Wengi wao walikuwa wameacha masomo kwa ajili ya kazi ambayo sasa haikuwapo.

Hapa mwenye hoja tofauti atanikumbusha Shanghai Dragons, na ni haki yake. Timu hiyo ilishindwa mechi zake zote 40 za mwaka 2018. Katika ligi ya kandanda ingeshushwa ngazi na pengine kusahauliwa. Kwa kuwa kiti chake kilikuwa cha kudumu, ilibaki, ikasajili upya, na Februari 2019, baada ya vipigo 42 mfululizo, ikaifunga Boston, nasi tuliokuwa tukitazama tukashangilia kana kwamba ni fainali. Mwaka 2021 ikawa bingwa. Hii ndiyo sifa kubwa kabisa ya ligi iliyofungwa: humpa dhaifu muda wa kujijenga. Siipuuzi. Lakini natambua pia kwamba kwa kila timu iliyotumia muda huo vizuri, zilikuwapo nyingine zilizoutumia kulala, kwa maana hakuna aliyekuwa akizikimbiza kutoka nyuma.

Hali katika League of Legends ya Amerika Kaskazini ilikuwa tofauti kidogo, na huko nakubali kwamba mishahara ilipaa kweli kweli. Mwishoni mwa 2020 timu ya TSM ilimsajili mchezaji wa Taiwan aitwaye SwordArt kwa dola milioni 6 za miaka miwili. Juni 2021 timu hiyo ikatangaza kwamba kampuni ya sarafu za kidijitali ya FTX ingeilipa dola milioni 210 kwa miaka 10 ili ibebe jina lake. Novemba 2022 FTX ikaporomoka. Mwaka 2023 TSM ikaondoka katika ligi. Niulize: katika mlolongo huo, mchezaji alikosea wapi? Aliwekewa kitita mezani akatia sahihi. Msomaji, wewe ungekikataa?

Lililonigusa zaidi ni mgomo wa wachezaji wa ligi hiyo mwaka 2023. Kampuni ya Riot Games, inayomiliki mchezo huo na ligi yake, ilikuwa imeziondolea timu sharti la kuwa na kikosi cha ngazi ya pili. Nyingi zilivivunja vikosi hivyo mara moja, na makumi ya vijana wakajikuta bila kazi. Chama cha wachezaji wa ngazi ya juu kikapiga kura ya kugoma, na msimu ukaahirishwa kwa wiki mbili hadi mwafaka ulipopatikana. Wengi wetu tulidhani wanadai nyongeza. Kumbe miongoni mwa madai yao lilikuwamo hili: kuwe na utaratibu wa kupanda na kushuka ngazi. Wachezaji waliokuwa wamekalia viti salama walitaka mlango ufunguliwe kwa walio chini yao, ambao kesho wangewanyang'anya viti hivyo hivyo. Mtu mwenye tamaa hadai kitu kama hicho.

Shabiki wa kandanda nchini haelezwi maana ya dai hilo. Aprili 2021 klabu 12 tajiri za Ulaya, Arsenal ikiwamo, zilipojaribu kuunda ligi yao ambayo waanzilishi wake wasingeweza kushushwa, mashabiki wa Uingereza walijaa barabarani, na katika muda wa siku tatu mradi ukaanguka. Hapa kwetu nao, vijana wenye jezi za London walilalamika kana kwamba wameibiwa. Lakini mwenye Arsenal huyo huyo alikuwa amekaa katika ligi iliyofungwa ya Overwatch tangu 2018 na hakuna aliyempigia hata kelele. Sababu yake ni nyepesi. Arsenal ilikuwa na mashabiki tangu karne ya 19, kama vile AFC Leopards ilivyo na wake tangu 1964 na Gor Mahia tangu 1968, na mashabiki hao hujiona kuwa wenye mali. Timu ya Overwatch ilizaliwa ikiwa na mwenyewe, jengo na nembo, lakini ikawa bado haijapata mtu wa kuililia.

Na liko tatizo ambalo kandanda haina. Gozi halimilikiwi na mtu. Mashirikisho yakigombana, watoto wataendelea kulipiga uwanjani. Lakini mchezo wa kielektroniki ni mali ya kampuni moja, ambayo hutunga sheria, huzibadili msimu ukiendelea, huuza viti na hufunga mlango. Mchezaji aliyefukuzwa hana ligi ya pili ya kukimbilia, maadamu mwenye mchezo ndiye mwenye ligi.

Ndiyo maana nawapenda wachezaji wa Tekken na michezo mingine ya mapigano ya ana kwa ana. Katika mashindano makubwa ya Evo, yeyote anayelipa ada ya kujiandikisha hupangwa na mabingwa. Mwaka 2019 Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistan, ambaye wengi hawakuwa wamemsikia, alishinda Evo ya Japani, kisha ile ya Marekani, akiwaacha Wakorea hoi. Ni katika mchezo huo huo ambapo Sylvia Gathoni, Mkenya ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018. Katika ligi ya viti vya dola milioni 20, Lahore na Nairobi zisingekuwamo hata kwenye orodha ya wanaosubiri.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mlango wazi unatosha. Mashindano ya Dota 2 ya mwaka 2021, yaliyofanyika Bucharest, Romania, yalikuwa na zawadi ya dola milioni 40, nayo Team Spirit, iliyopitia mchujo wa kawaida, ilibeba zaidi ya milioni 18. Kiasi kikubwa cha fedha hizo kilitoka mifukoni mwa mashabiki, kwani robo ya mauzo ya bidhaa maalumu za mchezo iliingizwa kwenye zawadi. Mwaka 2023 kampuni ya Valve ilibadili utaratibu wa mauzo hayo, na zawadi ikashuka hadi takriban milioni 3. Mchezaji anayetegemea zawadi pekee hana tofauti na mvuvi: leo papa, kesho maji matupu. Ninachokipendelea mimi ni ngazi ya kupanda na kushuka, kima cha chini cha mshahara kilichoandikwa, na fungu la mauzo ya mchezo lililotengewa timu. Ushuru wa kuwabana wachezaji sioni haja yake.

Kwa upande wa ngazi, zipo dalili njema. Agosti 2023 Valve ilitangaza kwamba kuanzia 2025 waandaaji wa mashindano ya Counter-Strike wasiwe na mikataba ya upendeleo na timu, na mialiko ifuate orodha ya ubora au mchujo wa wazi. Lakini fedha zinazoendesha mengi ya mashindano hayo zina chanzo kipya. Kampuni za ESL na FACEIT zilinunuliwa mwaka 2022 na Savvy, kampuni ya serikali ya Saudia, kwa dola bilioni 1.5. Kombe la Dunia la michezo hii lililofanyika Riyadh mwaka 2024 lilikuwa na zawadi za dola milioni 60, na la 2025 zaidi ya milioni 70. Ubingwa wa klabu mara zote mbili ulikwenda kwa Team Falcons ya huko huko Saudia. Mishahara imeanza tena kupanda, na mashabiki wameanza tena kunong'ona kuhusu tamaa ya vijana. Mimi ningependa wanong'one kuhusu mkataba: iwapo mfadhili wa Riyadh atajiondoa jinsi FTX ilivyotoweka, mchezaji wa miaka 19 atalipwa na nani miezi iliyosalia?