Tofauti ya Saa Mbili katika Kompyuta

Mtumiaji wa Lubumbashi aliyeweka Linux na Windows katika kompyuta moja hukuta mara kwa mara saa si sahihi, naye hudhani betri imekufa. Betri ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Bali tofauti ikiwa ni saa mbili kamili (Kinshasa ni saa moja), chanzo ni kingine. Windows huandika wakati wa mahali katika saa ya ndani ya mashine. Linux huandika humo wakati wa dunia, yaani UTC, kisha huongeza saa zetu mbili inapoonyesha. Hivyo kila moja huipotosha nyingine, na pasipo intaneti kosa hudumu.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi mwenye nakala mbili za tasnifu huamini tarehe ya faili, naye aweza kufuta sura aliyoiandika mwisho.

Dawa ni amri moja katika Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Linux yenyewe huonya juu ya njia hiyo. Mwenye subira afadhali aielekeze Windows isome UTC. Lisibadilishwe tu eneo la saa, kama wafanyavyo wengi: mtandao ukirudi, kosa huhamia upande mwingine.