Cherehani Juu ya Keria: Kutoka Arua Hadi Koboko kwa Baiskeli

Abiria aliyeketi garini huiona njia ya Arua kwenda Koboko kuwa fupi. Ni kilomita zipatazo 55 tu, na lami ilikwisha kutandazwa katika miaka ya 2010. Mpanda baiskeli huihesabu kwa mabonde. Sababu i katika umbo la nchi yenyewe: upande wa magharibi, mpaka wa Uganda na Kongo umefuata mgongo wa ardhi uyatengao maji ya Mto Nile na ya Mto Kongo, na vijito vya upande wetu huteremka kuelekea mashariki, viuendee Nile. Barabara yaelekea kaskazini, hivyo haina budi kuvikata vijito hivyo kimoja baada ya kingine. Kila daraja lina mteremko wa kuliingilia na mwinuko wa kulitokea.

Hayo niliyajua kwa miguu yangu Jumamosi moja, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Dada yangu akaaye Koboko alikuwa amepokea kazi ya kushona sare za wanafunzi, na cherehani yake ilikuwa Arua kwa fundi. Tulipokwisha kumlipa fundi, fedha ya nauli haikubaki. Mpwa wangu, askari polisi kijana aliyekuwa likizoni, akasema, "Mjomba, tutaipeleka sisi wenyewe." Tukakunja gunia juu ya keria ya baiskeli yake, tukakilaza hapo kichwa cha cherehani na kukifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu. Tukanywa uji, tukaondoka alfajiri.

Mwinuko wa kwanza aliupanda kwa kusimama juu ya pedali, akanicheka mimi niliyeshuka na kusukuma. Baiskeli zetu hazikuwa na gia za kubadilisha, na chuma kile kizito cha nyuma kilitaka kuliinua gurudumu la mbele. Kwenye mwinuko wa nne naye alishuka, mapaja yakitetemeka. Sikusema neno.

Wengi hudhani kupanda ndiko kugumu. Hatari kubwa hukaa katika kuteremka, hasa sasa ambapo lami huongeza kasi na malori yaendayo Sudan Kusini hupita karibu. Tulipokuwa Maracha, katikati ya mteremko, kipande cha mpira cha breki yake ya nyuma kilichomoka. Breki ya mbele peke yake haikutosha. Nilimwona akiburuta soli ya kiatu barabarani, kisha akageuza usukani akaingia majanini, na baiskeli ikalala ubavu. Kijana aliinuka, akaipapasa cherehani kwanza, ndipo akalitazama goti lake lililokuwa likitoka damu. Kosa lilikuwa langu, mtu mzima: asubuhi nilikagua tairi na cheni, breki sikuzitazama. Ewe msomaji uondokaye na mzigo, anza na breki.

Tulikata kipande cha tairi kuukuu tukakichomeka mahali pa ule mpira. Toka hapo kila mteremko mkali tuliushuka kwa miguu, na safari ikawa ndefu maradufu.

Mlima Liru ulipoonekana nilimsimulia kijana habari za wazee wa Kilugbara: kwamba Jaki alifia Liru, na Dribidu akafia Mlima Wati. Aliitikia kwa adabu tu. Macho yake yalikuwa nyuma, kwenye keria.

Tulifika Koboko saa tisa alasiri. Dada hakutuuliza habari za njia. Alifungua tyubu, akatia mafuta, akapitisha kitambaa. Uzi ukakatika. Akaurudisha sindanoni, akalegeza kidogo skrubu ya kukazia uzi, akajaribu tena, na mshono ukaenda sawa mpaka mwisho. Ndipo alipoliona goti la mwanawe, akamwita mdogo wake alete maji ya moto na chumvi.

Jumapili usiku, nilipokwenda kulala, sare tatu zilikuwa bado mezani, na cherehani ilikuwa ikilia.