Filta ya Gari Kwenye Pikipiki: Mambo ya Kupima Kabla ya Kufunga

Na Mwandishi Wetu, Mara

Kutoka mjini Tarime hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ni takriban kilomita 87 kwa barabara inayopita Nyamwaga na Nyamongo na kuvuka Mto Mara. Kwa wakazi wengi wa vijiji vilivyo kando ya njia hiyo, chombo cha kwanza cha usafiri ni pikipiki. Ndiyo inayomfikisha mama mjamzito kituo cha afya usiku, ndiyo inayobeba gunia la mahindi kwenda sokoni, na kwa kijana aliyeichukua kwa mkataba, ndiyo inayopaswa kuzalisha marejesho ya kila wiki kabla hajaweka chochote mfukoni. Injini ikifa katikati ya mkataba, deni hubaki palepale.

Ni kwa sababu hiyo swali linaloonekana dogo linastahili jibu la kina: je, filta ya oili iliyotengenezwa kwa ajili ya gari inaweza kufungwa kwenye pikipiki? Filta za magari hupatikana kwa urahisi zaidi katika maduka ya vipuri na huwa kubwa kwa umbo. Mtu anaweza kudhani kwamba kitu kikubwa kinachoilinda injini ya gari kitailinda vyema zaidi injini ndogo.

Jibu fupi ni kwamba kwa pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika wilaya hizi, filta hiyo haina hata mahali pa kufungwa. Kwa pikipiki chache kubwa inaweza kuingia, lakini kuingia si sawa na kufaa.

Tofauti ya msingi iko kwenye oili yenyewe. Katika gari la kawaida, oili ya injini huilainisha injini peke yake, kwani giaboksi ina mafuta yake na klachi hufanya kazi ikiwa kavu. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne, oili ileile moja huilainisha injini, hupita kwenye meno ya gia na huiloanisha klachi. Kwa hiyo oili hiyo hubeba vumbi la chuma kutoka kwenye gia na nyuzinyuzi zinazochunika kwenye sahani za klachi, pamoja na masizi ya mwako. Tena kiasi chake ni kidogo. Pikipiki ya CC 100 hadi 150 hutumia takriban lita moja, wakati gari dogo hutumia lita tatu na nusu au nne. Lita moja ikibeba taka za sehemu tatu huchafuka upesi.

Sasa, taka hizo huchujwaje? Mwendeshaji anayetafuta kopo la filta kwenye pikipiki yake ndogo anaweza kuzunguka injini yote asilione. Katika injini nyingi za aina hiyo kuna chujio la wavu wa chuma karibu na sehemu ya chini, linalozuia vipande vikubwa visiingie kwenye pampu ya oili. Baadhi huongezewa kikombe cha chuma kinachozunguka pamoja na mhimili wa injini. Kwa kasi ya mzunguko huo, taka nzito hurushwa pembeni na kuganda kwenye kuta za kikombe, kama tope linavyorushwa na gurudumu. Vyote viwili havibadilishwi kila oili inapomwagwa. Husafishwa, na kikombe hakifikiki mpaka kifuniko cha ubavuni kifunguliwe. Ndiyo maana husahaulika kwa miaka. Aina nyingine za pikipiki zina filta ndogo ya karatasi iliyofichwa chini ya kifuniko chenye skrubu mbili au tatu. Hiyo hubadilishwa, na huuzwa kwa jina la pikipiki husika.

Kopo la kufunga kwa kuzungusha, linalofanana na la gari, hupatikana zaidi kwenye pikipiki kubwa. Hapo ndipo swali la filta ya gari lina maana, na hapo ndipo vipimo vinapohitajika. Cha kwanza ni hesi. Makopo mengi hutumia moja kati ya hesi mbili zinazokaribiana sana: ya metriki yenye kipenyo cha milimita 20, na ya inchi yenye kipenyo cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Tofauti haifiki milimita moja na jicho haliioni. Kopo la milimita 20 likizungushwa kwenye mhimili wa robo tatu ya inchi huweza kuingia kwa ulegevu na kuonekana limekaza, kisha likaachia injini inapopata moto na mtikisiko. Kopo la inchi likilazimishwa kwenye mhimili wa metriki huharibu hesi za injini, ambazo ni ghali kuzitengeneza kuliko filta kumi.

Kipimo cha pili ni mpira wa kuzibia mdomoni. Kipenyo chake lazima kilingane na sehemu bapa ya injini unapokalia. Ukining'inia nje hata kidogo, oili itatafuta njia. Cha tatu hakionekani kwa nje, nacho ni valvu ya dharura iliyo ndani ya filta. Karatasi inapoziba, au oili inapokuwa nzito kwa baridi ya alfajiri katika vilima vya Tarime, valvu hiyo hufunguka ili injini isikose oili, ingawa oili hiyo hupita bila kuchujwa. Kila mtengenezaji huchagua msukumo wa kuifungua kulingana na pampu ya injini yake. Baadhi ya injini zina valvu hiyo kwenye bloku, hivyo filta zake hutengenezwa bila valvu. Ukiichukua filta ya namna hiyo na kuifunga kwenye injini inayotegemea valvu ya ndani ya kopo, siku karatasi itakapoziba oili haitakuwa na njia nyingine.

Ni haki kusema pia kwamba zipo filta za magari na za pikipiki zenye vipimo vinavyolingana kabisa, na wapo waendeshaji wa pikipiki kubwa katika nchi mbalimbali wanaozitumia bila tatizo. Lakini hao hulinganisha namba ya filta kwenye orodha ya mtengenezaji, hawapimi kwa jicho. Na pikipiki iliyo bado chini ya dhamana inaweza kupoteza haki hiyo ikikutwa na kipuri kisichoidhinishwa.

Hatari kubwa zaidi haiko ndani ya injini. Filta ikivuja, pampu huisukuma oili nje kwa nguvu na lita moja huisha kwa muda mfupi. Sehemu ya oili hiyo huangukia gurudumu la nyuma. Kwenye mteremko, ukiwa na abiria wawili na mzigo (jambo ambalo sheria hairuhusu, lakini macho yanaliona kila siku), tairi lenye oili haliwezi kushika barabara wakati wa kufunga breki.

Kuhusu kutoboa kifuniko cha injini ndogo na kuunganisha mipira ili kuweka filta ya gari kwa nje, ushauri ni kuacha. Pampu ya injini hizo ni ndogo, na njia ya oili ikirefushwa beringi za juu huchelewa kupata oili kila asubuhi pikipiki inapowashwa. Hali ni hiyohiyo kwa kukata karatasi ya filta ya gari na kuishindilia mahali pa filta ndogo: ikikosa kuziba pembeni, oili huizunguka, ikipasuka, vipande vyake huziba matundu yaleyale yaliyokusudiwa kulindwa.

Kinachoilinda injini kwa uhakika ni oili inayofaa, inayobadilishwa kwa wakati. Maafisa usafirishaji, kama bodaboda wanavyoitwa sasa, hufanya kazi tofauti na mmiliki wa pikipiki ya kwendea shambani. Anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hufikisha kilomita 2,600. Kitabu cha pikipiki hutaja umbali wa kubadilisha oili, na kwa kazi ya mizigo, milima na vumbi umbali huo unapaswa kupunguzwa. Oili yenyewe iwe na alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani kinachothibitisha kwamba haitaifanya klachi iteleze. Baadhi ya oili za magari zilizoandikwa kuwa zinapunguza matumizi ya mafuta zina viambato vya utelezi, ambavyo ni vizuri kwa gari lakini huifanya klachi inayoloana oili ikose kushika.

Jambo lingine husahaulika kwa sababu halihusiani na oili moja kwa moja, nalo ni filta ya hewa. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za changarawe huingia kwenye injini kwa njia ya hewa, hupita kwenye pistoni na kuishia ndani ya oili likiwa mchanga laini unaosaga chuma. Filta ya hewa iliyochanika haiwezi kufidiwa na filta ya oili ya ukubwa wowote. Pengine hapa ndipo fedha ya kununulia filta ya gari ingefanya kazi nzuri zaidi.

Katika ununuzi, wananchi wa maeneo ya mpakani kama Sirari hukutana na vipuri kutoka pande zote mbili. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ubora wa bidhaa, Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na biashara ya vilainishi iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mnunuzi anayedai risiti ana ushahidi wa kuwasilisha. Asiye nayo hubaki na maneno. Vikundi vya vijana vilivyonunua pikipiki kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni kwa ajili ya vijana, vina sababu ya ziada ya kutenga fedha za matengenezo tangu mwezi wa kwanza, kwa kuwa marejesho yao ndiyo yanayotoa mkopo kwa kikundi kinachofuata.

Kwa upande wa mafundi, wale waliojifunza kazi chini ya mti bila cheti wanaweza kupimwa na VETA kupitia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo.

Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Maji ya mvua ya maeneo haya huingia Mto Mara, nao humwaga Ziwa Victoria. Filta ya zamani hubaki na oili ndani hata baada ya kufunguliwa. Itobolewe, iachwe ichuruzike kwenye chombo usiku kucha, kisha oili hiyo ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko hadi itakapokabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali.